Riakta ya kalsiamu: pimeni alkali kwanza, mashine ifuate

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yenu ya barua tuseme na wenye matangi ya matumbawe hai, wawe wenye hoteli na ofisi za pwani hii, wawe wasomaji wenu wa Muscat, Dubai na Ulaya wanaofuga matumbawe sebuleni. Riakta ya kalsiamu, mashine inayorudisha majini kalsiamu iliyotumiwa na matumbawe, hunadiwa kama kifaa cha kununua, kuchomeka na kusahau. Anayeichukua kwa maneno hayo huishia na matumbawe yaliyoungua ncha au silinda iliyojaa tope jeupe, kisha lawama huiangukia mashine. Mashine yenyewe ni nzuri. Tangu Rolf Hebbinghaus wa Aquazoo ya Düsseldorf, Ujerumani, alipoitambulisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, imelisha matangi makubwa kwa utulivu ambao ni vigumu kuupata kwa kumimina dawa kwa mkono. Lakini inamdai mwenye tangi mambo mawili: apime tangi lake linakula kiasi gani kabla hajatoa pesa, na aiendeshe kwa kufuata alkali ya maji, yaani hasa bikaboneti iliyomo, si kalsiamu.

Kanuni yake ni fupi. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti, kwa hiyo kila siku huchota kalsiamu na bikaboneti majini. Riakta hufanya kinyume. Ndani ya silinda iliyojaa kokoto za aragonaiti, ambayo ni aina ya kalsiamu kaboneti, gesi ya kaboni dioksaidi huyeyuka katika maji ya tangi na kuyatia uchachu kidogo. Kokoto huyeyuka, na maji yanayotoka hurudisha kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano uleule ambao matumbawe yalivichukua.

Uwiano huo ndio sababu ya sisi kusisitiza alkali. Maji ya bahari yenye chumvi 35 kwa elfu yana kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,290, na alkali ya karibu digrii 7 za KH, kizio cha kupimia alkali. Matumbawe yakila digrii 2.8 za alkali, kalsiamu hushuka miligramu 20 tu. Chukua tangi linalopoteza digrii moja na nusu kwa siku, kiwango cha kawaida kwa tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua vizuri. Kalsiamu itashuka kama miligramu 11 kati ya 420. Vipimo vya matone vya nyumbani hukosea kwa miligramu 10 hadi 20, kwa hiyo leo utasoma 420, kesho 420, na utaamini kwamba hakuna kilichopungua. Siku hizohizo alkali imeshuka kutoka 8 hadi 6.5, karibu sehemu moja ya tano. Anayeongoza riakta kwa kipimo cha kalsiamu hujua ameharibu wiki nzima baada ya kuharibu.

Basi hatua ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Rekebisha maji kwa mkono mpaka alkali iwe digrii 8 hadi 8.5, kalsiamu 420 na magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350. Kisha acha kuongeza chochote. Pima alkali kila siku saa ileile kwa siku tatu, na usiiache ishuke chini ya 6.5. Saa ileile ni sharti, maana matumbawe hujenga haraka zaidi mchana kuliko usiku; kipimo cha asubuhi kikilinganishwa na cha jioni hakikuelezi kitu. Ujazo nao uwe wa kweli. Tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60 hubeba lita 432 likiwa tupu, lakini mawe na mchanga hula sehemu yake, na tangi dogo la kuchujia linalokaa chini ya tangi kuu huongeza lake. Aliyeandika lita 600 huku ana 450 amekosea hesabu zote zinazofuata.

Digrii moja ya KH katika lita moja ni miligramu 17.9 za kalsiamu kaboneti. Tangi la lita 500 linalopoteza digrii moja na nusu kwa siku linahitaji basi gramu 13.4 za kokoto zilizoyeyuka kila siku, karibu kilo 5 kwa mwaka. Namba hiyo moja huamua ukubwa wa silinda, kasi ya maji, gesi, na hata kama unahitaji riakta au huihitaji kabisa.

Wengi hawaihitaji. Tangi lililo chini ya lita 200, au linalopoteza chini ya nusu digrii kwa siku, litatunzwa vizuri na kwa bei nafuu kwa maji ya chokaa. Kalsiamu haidroksaidi safi, ya daraja la chakula au la maabara, huyeyuka kama gramu 1.7 katika lita moja ya maji safi, na lita hiyo hubeba zaidi ya digrii 110. Yakidondoshwa polepole kufidia maji yanayokauka, maji ya chokaa hupandisha alkali, kalsiamu na pH kwa pamoja. Kikomo chake ni ukaukaji: tangi la lita 500 likikausha lita 5 kwa siku, haliwezi kupokea zaidi ya digrii 1.1 kwa njia hii. Chokaa ya kujengea isiguswe. Haina usafi unaotakiwa. Kati ya hapo na riakta ipo njia ya miyeyusho miwili, soda ya kuokea upande mmoja na kloridi ya kalsiamu upande wa pili, ikipimwa na pampu ndogo. Kwa mfano wetu ni kama gramu 22 za soda na gramu 20 za kloridi kila siku. Inafanya kazi, ila mifuko hiyo inanunuliwa mwaka mzima, na sodiamu na kloridi hubaki majini zikisogeza uwiano wa chumvi nyingine. Kwa maoni yetu riakta huanza kustahili gharama yake pale tangi linapozidi lita 400 na ulaji unapozidi digrii moja kwa siku. Chini ya hapo ni kujitafutia kazi.

Sasa kuijenga. Kwa tangi la mfano wetu inatosha silinda ya kipenyo cha inchi 4 na urefu wa sentimita 50, ambayo hubeba zaidi ya lita 4, yaani kama kilo 5 za kokoto. Tunapendelea akriliki inayoonyesha ndani, kwa sababu kokoto zilizoshikana, mapovu yaliyokusanyika na tope huonekana kabla hayajaleta hasara. Paipu nene ya PVC ya maji itafaa kwa silinda ya pili, ambayo tutaieleza. Kitako kigundishwe moja kwa moja. Juu weka pete ya akriliki ya milimita 10 na kifuniko cha unene huohuo, oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) katikati yao, na boliti nane za nailoni. Boliti za chuma zikae mbali, hata zile zinazosemekana hazishiki kutu, na fitingi za shaba zisikaribie upande wa maji: maji yenye pH 6.6 huitoa shaba, na shaba kidogo sana huua kamba, konokono na matumbawe.

Sentimita 5 juu ya kitako weka sahani yenye matundu ya milimita 4, juu yake wavu wa plastiki, kisha kokoto. Pampu ya mzunguko ya lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa ivute maji kutoka juu ya silinda na kuyasukuma chini ya sahani, yapande kupitia kokoto. Mkondo wa kupanda huzilegeza. Mkondo wa kushuka huzikandamiza mpaka maji yanajitafutia njia moja na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa. Gesi iingie kwenye mdomo wa kuvutia wa pampu, ili panga zake ziyavunje mapovu, na gesi inayokusanyika juu ivutwe tena na kuyeyushwa. Juu kabisa weka valvu ndogo ya kutolea hewa. Tundu la maji yanayotoka liwe sentimita 5 chini ya kifuniko lisije likavuta gesi, na la kijiti cha kupimia pH liwe mahali maji yanapotembea, si kwenye kona iliyotulia. Gundi iachwe siku mbili ikauke, kisha mashine izungushe maji matupu saa 24 ikiwa juu ya magazeti makavu. Tone moja kwenye gazeti leo ni madimbwi ya maji ya chumvi mwezi ujao.

Namna ya kuingiza na kutoa maji huleta ubishi mwingi, na sisi tuna upande. Riakta nyingi za bei nafuu huja na kibana-mpira au valvu ndogo kwenye bomba la kutokea, na hapo ndipo zinapokufia. Maji yakipita kwenye tundu jembamba, gesi hutoka ndani yake, pH hupanda palepale, na kaboneti huganda kwenye tundu. Leo yanatoka matone 60 kwa dakika, kesho 35, keshokutwa hakuna, na huku gesi inaendelea kuingia. Dawa yake ni pampu ya kukamua mpira, ya aina inayoweza kufanya kazi saa 24, iliyowekwa kwenye bomba la kutokea. Maji yaingie kwa msukumo mdogo kutoka kwenye tii ya bomba la pampu kuu, na pampu ya kukamua ndiyo iamue kasi. Silinda hubaki na shinikizo kidogo, gesi haitoki njiani, na kasi haibadiliki. Mpira wa ndani wa pampu hiyo huchoka. Uwe na wa akiba. Kama pesa inatosha kifaa kimoja tu cha ubora wa juu, kiwe hicho, kabla hata ya kidhibiti cha pH.

Silinda ya pili ni ya bei ndogo na faida kubwa. Maji yanayotoka kwenye ya kwanza bado yana gesi nyingi. Yakipita polepole kwenye silinda ya pili yenye kokoto, isiyo na gesi wala mzunguko, gesi iliyobaki huyeyusha kokoto hizo na pH hupanda hadi 7 au zaidi. Unapata alkali ya ziada kwa gesi ileile, na tangi halipokei uchachu wote.

Kuhusu kokoto tuna neno zito. Kokoto zinazotakiwa ni aragonaiti ya milimita 5 hadi 10, iliyooshwa kwa maji ya RO (yaliyochujwa chumvi zote) mpaka maji yatoke safi bila ukungu. Ndogo kuliko hapo huganda. Kubwa kuliko hapo hazina uso wa kutosha. Chokaamawe ya machimbo mara nyingi ni kalsaiti, aina nyingine ya kalsiamu kaboneti, inayotaka pH ya chini zaidi ili iyeyuke, na huja na udongo na chuma. Maganda ya konokono yanayosagwa kwa ajili ya chakula cha kuku ni vipande bapa vinavyolaliana na kuziba maji, na yana mabaki ya viumbe ndani yake. Lakini linalotuuma ni watu wanaochukua gunia na kwenda kuokota matumbawe ufukweni, au kuyanunua kwa wanaoyavunja miambani. Matumbawe yaliyovunjika ni sehemu ya ufukwe na makazi ya viumbe vyake. Miamba yetu ilipigwa vibaya na joto la mwaka 1998, na kabla ya hapo matumbawe yalichomwa kwa miaka mingi kwenye matanuri ya chokaa ya pwani ya kusini. Ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, Kisiwa cha Chumbe, 1994, na Kisiwa cha Mafia, 1995, huruhusiwi kuondoka hata na kipande kilichokufa. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu nayo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Na hata mtu asiyejali lolote kati ya hayo apime fosfati, chakula cha mwani, katika maji yanayotoka baada ya kujaza matumbawe ya ufukweni. Ataiona inaingia kwenye tangi lake siku baada ya siku. Kulea matumbawe nyumbani kwa kuyamaliza baharini ni jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia.

Gesi. Mtungi wa kilo 5 unatosha. Mfano wetu unahitaji kwa hesabu gramu 6 kwa siku, na hata ukitumia maradufu kwa sababu ya inayopotea, mtungi utapita mwaka. Wanaojaza gesi za mashine za soda ndio wa kuwaendea. Regyuleta ya karakana ya kuchomelea haifai, kwa kuwa hupima lita kwa dakika, na riakta inahitaji mililita 4 au 5 tu kwa dakika. Tafuta regyuleta ya hatua mbili, iliyotulia kwenye baa 1 hadi 1.5, yenye valvu ya sindano nzuri, solenoidi (valvu ya umeme) inayojifunga umeme unapokatika, na kihesabu mapovu. Angalia uzi wa mtungi kabla ya kununua, kwa sababu wa Uingereza, wa Marekani na wa Ulaya bara haziingiliani. Regyuleta ya hatua moja huweza kuachia gesi nyingi kwa ghafla mtungi unapokaribia kuisha. Na usitegemee geji kujua kilichobaki: maadamu ndani kuna gesi ya kimiminika, mshale husimama palepale. Pima mtungi kwenye mizani, toa uzito mtupu uliogongwa begani mwake, utajua.

Joto la pwani linastahili tahadhari ya pekee. Katika nyuzi 20 mtungi una baa 57. Kwenye 30 unapita 70, na juu ya 31 kimiminika na gesi havitengani tena, shinikizo linapanda haraka. Mtungi usijazwe kupita uzito ulioandikwa, usiachwe kwenye gari lililo juani, usimame wima na ufungwe kwa mnyororo. Ukilazwa, kimiminika kitaingia kwenye regyuleta na kuiharibu. Na gesi hii huua. Kilo 5 zikivuja zote ni karibu mita za ujazo 2.8, katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.7, hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya hewa, kiwango kinachomzimisha mtu kwa dakika chache. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, hukaa aliko mtoto aliyelala sakafuni. Mtungi usiwekwe kamwe kwenye chumba cha kulala kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Mpira wa gesi usiwe wa silikoni, kwa sababu gesi hii hupenya silikoni. Tumia wa poliyurethani. Kati ya kihesabu na riakta weka valvu mbili za njia moja, na mpira upande juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka. Moja ikishindwa, maji ya chumvi hayataifikia solenoidi.

Kuwasha kunataka subira. Jaza maji, zungusha usiku kucha bila gesi, toa hewa yote. Sawazisha kijiti cha pH kwa miyeyusho ya 7 na 4, si ya 10, kwa kuwa kazi yake itakuwa kati ya hizo mbili. Kisha weka kasi ya kutoka. Hesabu yake hii hapa: ukilenga maji yanayotoka yawe na digrii 27 na tangi likiwa na 8, kila lita inaleta digrii 19. Tangi linahitaji 500 mara moja na nusu, yaani 750. Gawanya kwa 19, utapata lita 39 kwa siku, au mililita 27 kwa dakika. Fungua gesi mapovu 20 kwa dakika na uiache mpaka kesho. Usinakili hesabu ya mapovu ya mtu mwingine, maana ukubwa wa povu hutofautiana kutoka kihesabu kimoja hadi kingine. Siku ya pili pima alkali ya maji yanayotoka. Ikiwa chini ya 20, ongeza gesi kidogo. pH ikifika kati ya 6.5 na 6.7 digrii zitafika unapotaka. Baada ya hapo pima alkali ya tangi kila siku saa ileile. Ikipanda, punguza kasi ya pampu ya kukamua kwa sehemu moja ya kumi. Ikishuka, ongeza vivyo hivyo. Badilisha kitu kimoja tu, kisha subiri siku mbili. Anayegusa gesi na maji kwa pamoja hatajua kipi kilifanya kazi. Alkali ya tangi isisogee zaidi ya nusu digrii kwa siku, hata kama unakosahihisha ni kweli kumekosewa.

Kidhibiti cha pH tunakitumia kama mlinzi, si kama dereva. Weka mapovu kwa valvu ya sindano mpaka pH itulie yenyewe kwenye 6.6, kisha kidhibiti kikate gesi pH ikishuka hadi 6.4. Wanaofungua valvu wazi na kumwachia kidhibiti kazi yote wanategemea kijiti kimoja. Kijiti kikichakaa na kuanza kusoma juu, gesi huingia bila kikomo. Kisawazishwe kila mwezi na kibadilishwe baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Tukija kwenye matatizo, mengi husomeka ukiweka pamoja pH ya ndani na digrii za maji yanayotoka. pH 6.6 na digrii 14 tu: kijiti kinadanganya, au kokoto zimepungua, au maji yamejichimbia njia. Sawazisha, kisha fungua uzikoroge. pH 6.1 na maji meupe kama maziwa: gesi imezidi, kokoto zinageuka tope na pampu itaziba. Funga gesi, osha kila kitu, ondoa uji wote, anza upya. Pampu inayonguruma ina gesi juu; ama mapovu ni mengi mno ama pampu ni dhaifu. Kokoto zikifika nusu ya silinda ongeza, usisubiri ziishe. Alkali sawa lakini magnesiamu inashuka: aragonaiti ina magnesiamu kidogo, na sisi huongeza kwa mkono, kama gramu 210 za fuwele za kloridi ya magnesiamu (heksahaidreti, zenye maji ndani yake) kupandisha miligramu 50 katika lita 500. Kalsiamu ikiwa chini huku alkali ni nzuri, riakta haitaisahihisha, kwa kuwa huongeza vyote viwili kwa pamoja. Isahihishe kwa mkono mara moja, kisha iache mashine iendelee.

Lalamiko tunalolisikia zaidi ni pH ya tangi kushuka hadi 7.8 au chini ya hapo alfajiri. Sababu ni gesi iliyobaki, na katika nyumba zilizofungwa kwa kiyoyozi, pumzi za waliomo huizidisha. Silinda ya pili husaidia. Maji ya riakta yamwagike karibu na mdomo wa skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa, ili gesi itolewe, na bomba la hewa la skima livute kutoka nje ya dirisha. Maji ya chokaa usiku, badala ya maji matupu ya kufidia, ndiyo mwenza bora tunayemjua: yanakula gesi iliyozidi na kuongeza alkali papo hapo, na kasi ya riakta inapunguzwa kwa kiasi hicho.

Umeme unapokatika, solenoidi hujifunga, na hilo ni jema. Hatari huja unaporudi. Riakta iliyosimama chini ya usawa wa tangi hunyonya au kumwaga maji kama bomba la kuingizia halina valvu ya njia moja. Pampu ya mzunguko inaweza kushindwa kuzunguka kwa sababu ya hewa au chembe, na gesi ikaingia kwenye maji yaliyosimama huku kijiti kikisoma pH ya zamani. Kwa hiyo pampu na solenoidi zichomekwe kwenye soketi moja, na kila umeme unaporudi mtu aende asikilize kama pampu inazunguka. Mwenye hoteli amkabidhi kazi hiyo mtu wa zamu kwa jina lake. Betri ndogo ya akiba iendeshe kwanza pampu za mkondo na hewa. Riakta inaweza kusimama siku nzima bila tumbawe hata moja kudhurika.

Tunawaomba wauzaji, kupitia gazeti lenu, waandike kwenye riakta ujazo wa kokoto na kasi ya pampu badala ya maneno "hadi lita 2,000", ambayo hayana maana pasipo kujua ulaji wa tangi. Wamwulize mteja digrii zake za siku tatu kabla ya kupokea pesa. Na wataje kokoto zimetoka wapi. Wanaojaza gesi nao wakatae mtungi wenye kutu au ambao tarehe ya kupimwa shinikizo, iliyogongwa begani, imepita, hata mteja akigomba.

Wenu,

Mafundi wa matangi ya maji ya bahari,
Dar es Salaam